Njugu za Qaranqasho

Mwaka ule Bi Mwanamize alikuwa akiogopa magari. Mtaa wao wa Al Khoudh, mjini Maskati, upande wa nyuma wa Chuo Kikuu, una vichochoro vya lami vilivyobanwa na kuta za majumba. Taa za njiani zimeachana mbali, na jioni za Ramadhani vijana wakishafuturu huingia ndani ya magari yao kama ng'ombe waliofunguliwa kamba. Ramadhani iliyotangulia, gari moja lilimgonga mtoto wa jirani kwenye kona ya msikiti, akavunjika mguu. Tangu siku hiyo kila breki iliyolia nje ilimfanya Bi Mwanamize aache alichokishika na kuwatafuta wajukuu zake kwa macho.

Wajukuu wenyewe walikuwa wawili tu, watoto wa mwanawe Thabit na mkewe Aliya. Mkubwa alikuwa Balqees, binti wa miaka minane, mdomo wake hautulii hata akiwa na chakula ndani. Mdogo alikuwa Loay, ndiyo kwanza amejua kutembea; akienda kidogo huanguka kitako, akajicheka mwenyewe. Aliya alikuwa na kazi yake wizarani, na tangu likizo yake ya uzazi imalizike Loay alikuwa mikononi mwa bibi yake. Alikula kwa mkono wa bibi, alilala kifuani pa bibi, na neno lake la kwanza lilikuwa "Bi". Aliya alilicheka neno lile mbele za watu, ingawa lilimchoma kidogo.

Nusu ya Ramadhani ni siku ya watoto wa Omani. Wanaiita Qaranqasho. Watu wakishafuturu, watoto huvishwa nguo za mababu, wasichana nguo za rangi na suruali za tarizi na dhahabu za bandia, wavulana kanzu na kofia na vijambia vya plastiki viunoni. Hupita nyumba hadi nyumba wakiimba na kugonganisha vijiwe, na kila nyumba huwajazia mifuko yao peremende, biskuti na njugu. Bi Mwanamize hakuzaliwa na mambo hayo. Aliletwa Maskati kutoka Unguja akiwa msichana, na mara ya kwanza alipowaona watoto mlangoni alidhani wanaomba sadaka. Lakini baadaye aliipenda siku ile kuliko wenyeji. Siku nyengine zote, Thabit alipokuwa mdogo, watoto wenzake walimuuliza kwa nini mama yake anazungumza Kiarabu kibovu. Usiku wa Qaranqasho hakuna mlango uliomuuliza. Walimjazia mfuko, basi.

Ndiyo maana kila mwaka alishona mwenyewe. Mwaka ule alimshonea Balqees nguo ya kijani na suruali nyekundu yenye tarizi miguuni, na Loay akamshonea kikanzu kisichozidi urefu wa mkono. Pindo la Balqees alilipandisha ili asijikwae. Shela ndefu aliikataa, kwa sababu hunasa kwenye mageti. Taa ya mshumaa aliikataa pia, akanunua ya betri. Kisha akapanda teksi mpaka Khuwair ya Kusini, duka kwa duka, akitafuta ule utepe wa kijivu unaong'aa ukipigwa na taa za gari, akaushona kuzunguka pindo na mikono ya nguo.

Thabit aliporudi kazini akamkuta Balqees anajizungusha mbele ya kioo, alicheka mpaka akakaa chini.

"Mama, umemfanya mtoto kama wale wanaotengeneza barabara!"

"Na acheke atakayecheka," alisema Bi Mwanamize, sindano ingali mdomoni. "Mie n'nataka dereva amuone tokea mbali. Wewe cheka, utepe sitoi."

"Bibi, naonekana mbaya?" Balqees aliuliza.

"Unaonekana. Ndilo nilitakalo."

Usiku wenyewe alitoka nao yeye, maana Thabit alikwenda tarawehe na Aliya alikuwa na wageni wa kesho wa kuwaandalia. Loay alikaa kwenye kigari chake, kofia imemshuka hadi kwenye nyusi. Bi Mwanamize alisukuma kwa mkono mmoja na kushika tochi kwa mkono wa pili, na kila kwenye njia panda aliwasimamisha watoto wote, wake na wa wenzake, akamulika kushoto na kulia kama askari. Watoto walinung'unika. Hakujali. Gari moja lilikuja kasi, likamuona Balqees aking'aa katikati ya kundi, likapunguza mwendo. Bi Mwanamize alilisindikiza kwa macho mpaka likapotea, moyo wake umejaa. Aliposhika kitasa cha geti lao na watoto wote wawili wakiwa ndani ya ua, alisema alhamdulillahi kwa sauti. Alijiona amemaliza.

Balqees aliumwaga mfuko wake juu ya zulia la ukumbini. Kilikuwa kilima: chokoleti, ubani wa kutafuna, chipsi, pipi za vijiti, na chini yake njugu, maana nyumba nyingi zilikuwa zikichota njugu kwa bakuli na kuzimimina mfukoni vivi hivi. Bi Mwanamize alikaa chini akaanza kuchambua. Alikuwa amesikia mengi kuhusu peremende zilizofunguliwa na kufungwa tena, kwa hivyo aliishika kila moja, akaigeuza, akaitazama karatasi yake mbele na nyuma. Iliyochanika aliitupa. Loay alikaa ubavuni pake na biskuti yake.

"Bibi, nifungue kulabu," alisema Balqees. "Imeshika nywele, inaniuma."

Bi Mwanamize akageuka. Kulabu ya shingoni ilikuwa imesokotana na nywele kweli, ikabidi aivue miwani na kuiinamia. Alimwambia Balqees atulie. Balqees alikuwa akihadithia nyumba ipi imetoa nini, akicheka, kichwa kinakwenda huku na huku.

Alichokisikia hakikuwa kilio. Kilikuwa kikohozi kimoja, halafu sauti nyembamba kama mluzi wa birika linaloanza kuchemka. Alipogeuka, Loay alikuwa amefumbua macho yote, anamtazama, na mikono yake miwili iko hewani kama anayetaka kubebwa.

Bi Mwanamize alimbeba. Alimtia kidole mdomoni, akagusa kitu, kitu kikateleza kikaenda ndani zaidi. Alichukua gilasi ya maji akamtilia kinywani, maji yakarudi. Alimpiga mgongoni huku amemsimamisha, akimwita jina. Midomo ya mtoto ilianza kugeuka rangi.

"Aliya! Aliya, mtoto kapaliwa!"

Aliya alikuja mbio, mikono ina unga. Alimnyakua, akamwinamisha, akampiga mgongoni, na mluzi ule ukarudi kidogo, ukakatika, ukarudi. Hakusubiri gari la wagonjwa. Hospitali ilikuwa karibu, akaona atafika kabla yake. Balqees walimsukumia mlangoni kwa Ruqaya, jirani wa ukuta kwa ukuta, kulabu ingali nusu imefunguliwa. Bi Mwanamize alikaa kiti cha nyuma na mtoto mapajani.

Vichochoro vilijaa watoto. Walikuwa wengi kuliko alivyowahi kuwaona, wamevaa kijani na zambarau na manjano, wanavuka makundi kwa makundi, wadogo wameshikana mikono. Aliya alipiga honi. Watoto walidhani ni furaha, wakainua mifuko yao na kumpungia. Wengine walikimbilia dirishani wakiimba. Gari lilikwenda kwa mwendo wa mtu anayetembea.

"Kanyaga, mwanangu," alisema Bi Mwanamize. "Kanyaga, kanyaga!"

"Wako mbele, Mama! Nipite wapi?"

"Watapisha! Kanyaga tu!"

Aliya hakuweza. Bi Mwanamize, ambaye mwezi mzima alikuwa akimwomba Mungu madereva waende taratibu, alifungua dirisha akawapigia kelele watoto wa watu waondoke njiani, akawatukana kwa maneno ambayo hakuyatumia tangu ujana wake. Mapajani pake mluzi ulikuwa umekwisha.

* * *

Daktari aliyetoka kuwaona alikuwa msichana mdogo, jina lake Taghreed, macho yamemvimba kwa kukesha. Thabit alikuwa ameshafika, na kanzu yake ya tarawehe. Daktari aliwaeleza kwa Kiarabu cha upole, akimwita Bi Mwanamize khala, kama mtu na dada wa mama yake, kwamba njugu wameitoa. Ilikuwa nusu ya njugu. Iliziba njia ya pumzi, na kabla hawajaitoa moyo wa mtoto ulisimama, wakaurudisha.

"Basi mzima," alisema Bi Mwanamize. "Si kitu kimeshatoka?"

"Kimetoka, khala. Lakini ubongo ulikaa bila hewa."

"Sasa atakuwaje?"

"Tusubiri," alisema daktari, na Bi Mwanamize alimtazama akajua kwamba yule msichana hasubiri kitu. Anawasubiri wao waelewe.

Idi iliwakuta hospitalini. Loay alifumbua macho wiki ile, na nyumba nzima ikapigiana simu, watu wakalia kwa furaha. Lakini macho yalikuwa yamefumbuka tu. Yalitazama dari, taa, uso wa mama yake, vyote sawa. Shingo haikushika kichwa. Koo halikujua tena kumeza, wakamtia mrija wa kulishia tumboni. Madaktari walisema haitabadilika sana. Thabit alipeleka picha za kichwa cha mtoto kwa wataalamu wa nje, na majibu yaliyorudi yalikuwa yaleyale kwa lugha ndefu zaidi.

Muuguzi mmoja pale wodini, kwa huruma, alimchukua Bi Mwanamize pembeni akamfundisha kwa mwanasesere. Asitie kidole asipokiona kitu. Asimpe maji. Akiwa bado anakohoa, mwache akohoe. Pumzi ikikatika, mlaze kifudifudi juu ya paja, kichwa chini, mpige kwa kiganja baina ya mabega. Na njugu nzima asipewe mtoto mdogo kabisa, mpaka apite umri wa kuingia skuli, maana magego hayajakamilika na koo ni jembamba kama mrija. Muuguzi aliyasema haya vizuri, bila ya kumlaumu, na kila neno lilimwingia Bi Mwanamize kama msumari. Ilikuwa rahisi vile. Mtu angeliweza kumwambia akiwa amesimama kwenye foleni ya mkate.

Usiku, chumbani kwake, alijizoeza na mto. Aliulaza pajani, akaupiga kwa kiganja. Hakujua anajizoeza kwa ajili ya nani.

Loay alirudishwa nyumbani na mashine. Moja ya kunyonya makohozi, moja ya kumpa hewa, na kitanda kinachopanda na kushuka. Aliya aliacha kazi. Hakumwambia mkwewe neno baya hata moja, si siku ile wala baada yake. Alimwamkia kila asubuhi, alimpakulia chakula, alimwita Mama. Lakini Bi Mwanamize akikaribia kitanda, Aliya alikuwa ameshafika. Akinyoosha mkono kumgeuza mtoto, Aliya alisema kwa upole, "Wacha, Mama, mie ntamgeuza." Akisema atabaki naye ili Aliya akalale kidogo, Aliya alisema hana usingizi. Mikono iliyomlea yule mtoto tangu ana miezi mitatu ilibaki kukunja nguo.

Hata Balqees alipungua. Aliacha kuhadithia. Siku moja, wakichambua mchele pamoja, aliuliza bila ya kuinua kichwa:

"Bibi, ile njugu ilikuwa ya mfuko wangu?"

"Ilikuwa ya nyumba za watu," alisema Bi Mwanamize. "Wewe ulipewa tu."

"Lakini niliimwaga mimi."

"Mimi ndiye niliyekuwa nimekaa pale, mwanangu. Mimi mkubwa."

Balqees aliendelea kuchambua. Jibu lile halikumtosha.

* * *

Ramadhani ikarudi, kama inavyorudi. Madukani zilipangwa nguo za Qaranqasho, na milangoni mwa masupamaketi yaliwekwa magunia ya njugu wazi, na vijiko vya kuchotea.

Bi Mwanamize aliyaona magunia, akarudi nyumbani akamwambia Thabit anataka kuwaambia watu. Thabit alikuwa amechoka. Mwaka mmoja ulikuwa umemzeesha. Lakini alimwandikia. Aliweka maneno kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, kwa Kiarabu kizuri, kwamba nyumba yao inawaomba majirani mwaka huu wasiwape watoto njugu, wawape vitu laini, na sababu wanaijua. Majibu yalikuja kwa wingi. Mioyo, mikono iliyokunjwa, dua za kumponya Loay. Saa ileile, chini ya dua, mtu alitangaza kwamba kwake kuna njugu mchanganyiko za Qaranqasho, kilo kwa kilo, na anafikisha hadi mlangoni. Thabit aliizima simu akaiweka kifudifudi juu ya meza.

"Maandishi hayasikii mtu," alisema Bi Mwanamize. "Ntakwenda mwenyewe."

Alikwenda alasiri, na saumu yake, akitembea kivulini mwa kuta. Alianza kwa Ruqaya, ambaye ni Mzanzibari mwenzake na ndiye aliyempokea Balqees usiku ule. Ruqaya alimkumbatia, akalia, akamwambia haupiti usiku hajamwombea yule mtoto.

"Basi nisaidie," alisema Bi Mwanamize. "Njugu usitoe. Wewe ukiacha na wengine wataacha."

Ruqaya alijifuta macho. "Bi Mwanamize, mie kwako sina la kukataa. Lakini Qaranqasho bila ya njugu, watoto watasema nini? Wakubwa ntawapa, wadogo ntawapa biskuti. Ntaangalia mwenyewe, wallahi."

"Hata mie nilikuwa naangalia mwenyewe. Na njugu zilikuwa za Balqees, mkubwa."

Ruqaya alisogea karibu. Alimshika mkono tu.

Nyumba ya pili, binti mmoja aitwaye Nadra alimfungulia mlango, na nyuma yake meza nzima ilikuwa imepangwa vifuko vilivyofungwa utepe, kila kimoja na jina la nyumba yao. Kupitia plastiki zilionekana njugu na lozi. "Inshallah, khala," alisema Nadra, na Bi Mwanamize alikaa Maskati miaka ya kutosha kuijua inshallah ya namna ile. Mzee Aflah, mwenye nyumba ya kona, alimsikiliza mpaka mwisho kwa adabu, akamwambia kwamba njugu zimekuwepo tangu enzi za mababu, na kilichoandikwa hakizuiliki.

"Na mkanda wa gari huwa unafunga wa nini, Mzee Aflah?"

Mzee alitabasamu, bila ya kukasirika. "Serikali ingelitutoza faini," alisema. Kisha akaongeza, kwa huruma ya kweli, "Usijitese, Umm Thabit. Hukukusudia."

Nyumba zote zilimwambia hivyo. Hakuna aliyemfukuza, hakuna aliyemkatiza. Walimletea kiti, wengine walitokwa na machozi. Alitembea mtaa mzima na hakupata mtu wa kugombana naye. Walidhani amekuja kutaka kusamehewa, wakamsamehe, na kila alipowaambia alichokuja kutaka walimsamehe tena.

* * *

Usiku wa Qaranqasho Balqees alisema ana kazi ya skuli, akafunga mlango wa chumba chake. Nguo haikushonwa mwaka ule. Aliya alikuwa na Loay. Thabit alikwenda tarawehe na akakaa huko zaidi ya sala. Bi Mwanamize aliweka kiti getini, na sinia la keki laini alizozioka mwenyewe, kila moja kwenye kikaratasi.

Watoto walikuja. Waliimba, wakanyoosha mifuko. Walipoona keki walisema shukran na kukimbia. Mvulana mmoja, jambia lake limepinda, alichungulia ndani ya sinia akauliza, "Njugu hamna?" Dada yake alimvuta kwa nguvu akamnong'oneza kitu, na wote wawili wakaitazama nyumba, juu mpaka chini, wakaondoka haraka. Bi Mwanamize alielewa kwamba nyumba yao sasa ina hadithi yake miongoni mwa watoto, na hadithi hiyo haiwafundishi kitu isipokuwa kuiogopa nyumba.

Kisha akaja mama mmoja kijana, mgeni mtaani, na mtoto wa kiume nyongani, mkubwa kidogo tu kuliko Loay alivyokuwa. Alivaa kikanzu cheupe kimetiwa tarizi kifuani. Mashavu yake yalikuwa yanakwenda. Ngumi yake ndogo ilikuwa imefumbwa, na baina ya vidole Bi Mwanamize aliona kitu cha rangi ya hudhurungi.

Hakufikiri. Aliinuka, akaishika ngumi ile, akaifungua kidole kwa kidole, akazitoa njugu akazitupa chini. Mtoto alipiga ukelele. Bi Mwanamize alimshika kidevu kumwinamisha ateme.

"Khala! Unafanya nini?" Mama alirudi nyuma. "Unamnyang'anya mtoto?"

"Ateme! Mwambie ateme! Zitampalia, hana magego, tazama mdomoni!" Kiarabu chake kilimvunjika, akachanganya na Kiswahili. "Mjukuu wangu yumo ndani. Njoo umtazame. Ingia, njoo umtazame, halafu umpe utakacho."

Yule mwanamke alimtazama, akaitazama nyumba. Uso wake ulibadilika. Bila shaka alikuwa amesikia. "Nisamehe," alisema, sauti imeshuka. "Sikujua kwamba ndiyo hii nyumba. Mungu amponye. Mungu akupeni subira." Alimfuta mtoto mdomo kwa kidole chake, akatoa vilivyokuwemo. Alichukua keki moja, akashukuru mara mbili, akaenda zake na mtoto anayelia begani.

Bi Mwanamize alisimama getini akimtazama. Kwa mara ya kwanza katika mwaka mzima kitu fulani kilifunguka kifuani pake. Mmoja. Na awe mmoja.

Mtoto aliendelea kulia. Aliikataa keki, ikaanguka. Mama alimpepea, akamrusharusha, akamwimbia. Walipofika chini ya taa ya kona, karibu na nyumba ya Mzee Aflah, alitia mkono mfukoni akampa kitu kiganjani. Mtoto akanyamaza. Mkono ukaenda mdomoni.

Bi Mwanamize alifungua kinywa kuita. Walikuwa mbali, na kundi la watoto lilikuwa likipita baina yao likiimba kwa sauti zote. Alipiga hatua mbili nje ya geti. Mama na mtoto walikata kona. Alikaa akisubiri kusikia mluzi ule, kilio, mtu anayekimbia. Hakusikia kitu. Mtoto yule alizila njugu zake, akazimeza, kama watoto wengi wanavyozila na kuzimeza, na mama yake atampa tena mwakani, na kila mwaka usiokuwa na msiba utamhakikishia kwamba bibi wa nyumba ile alikuwa amerukwa na akili kwa majonzi.

Alilichukua sinia akaingia ndani.

Chumba cha Loay kilikuwa na mwanga mdogo. Aliya alikuwa amemlaza ubavu, anamnyonya makohozi kwa mrija mwembamba, na mashine inanguruma. Mtoto alikuwa amekua. Miguu yake ilikuwa mirefu na myembamba, vidole vimejikunja. Bi Mwanamize alibaki mlangoni, pale alipojizoeza kusimama.

"Wameacha?" aliuliza Aliya, bila ya kugeuka. "Ulipita nyumba zote."

"Hawakuacha."

"Hata Ruqaya?"

"Hata Ruqaya."

Aliya alizima mashine. Alimfuta mtoto shavu, akaushika mkono wake akaukunjua vidole, kimoja kimoja, vikarudi kujikunja.

"Mama, n'na jambo," alisema. "Najua si wewe. Kila siku najiambia si wewe, ingelikuwa mimi nimekaa pale ingelikuwa vilevile. Najiambia nikiamka, najiambia nikilala. Lakini nikikuona unamshika, moyo unakataa. Nilidhani baada ya mwaka utakubali. Haukukubali."

Bi Mwanamize aliinamisha kichwa. Alikuwa ameyangoja maneno haya muda mrefu, na alidhani yakitamkwa yatampunguzia kitu. Hayakumpunguzia.

"Haya, mwanangu," alisema. "Usiulazimishe."

"Sitaki uhame. Wala usidhani nakuchukia."

"Sidhani."

"Basi."

Nje kundi jengine lilifika getini. Lilikuta kiti kitupu, likaimba kidogo likisubiri, vijiwe vikigonganishwa, sauti za watoto zikipanda na kushuka. Loay hakugeuza macho.

"Funga dirisha, Mama," alisema Aliya.

Bi Mwanamize alizunguka kitanda kwa mbali, akaenda, akalisogeza pazia. Dirisha lilikuwa limeshafungwa. Alibaki amesimama pale, mkono juu ya kitasa, wimbo ukiendelea kusikika.